Weupe wa ramani: kisa cha nyambizi San Francisco na mlima wa Pasifiki

Tarehe 8 Januari 2005, karibu na adhuhuri, nyambizi ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iitwayo USS San Francisco ilikuwa ikikata maji zaidi ya maili za baharini 350 kutoka kisiwa cha Guam, safarini kwenda Brisbane, Australia. Ilikuwa kwenye kina cha mita 160 hivi, mwendo wake zaidi ya noti 30, yaani kilomita 55 na ushei kwa saa. Ramani waliyokuwa wakiifuata maofisa wa zamu ilionyesha kwamba sakafu ya bahari iko mita 1,800 kutoka juu. Kwa hesabu hiyo, chini ya tumbo la nyambizi palikuwa na maji matupu ya zaidi ya kilomita moja na nusu.

Ikagonga mlima.

Haikukwaruza, wala haikupanda fungu la mchanga likainyanyua taratibu. Chombo cha tani zipatazo 6,900 kilivaa mwamba kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele, na mwendo ule wote ukakatika kwa sekunde chache. Kilichokuwa kimefungwa kilibaki na chombo. Kisichofungwa, wakiwamo watu, kiliendelea mbele kwa mwendo uleule mpaka kikakutana na chuma. Kati ya mabaharia 137 waliokuwamo, 98 waliumia. Mmoja, fundi wa mitambo mwenye umri wa miaka 24, alijeruhiwa kichwani na kufariki kesho yake.

Kuba la sona, mtambo wa kusikilizia sauti majini, lililoko puani pa nyambizi lilipondeka. Matangi ya mbele, yale yanayojazwa hewa ili chombo kielee na kujazwa maji ili kizame, yalichanika. Lakini ganda la ndani, lile linalobeba kanieneo ya bahari, halikutoboka, na kinu cha nyuklia hakikudhurika. Laiti ganda hilo lingepasuka, tungekuwa tunazungumzia maiti 137 na chombo kisichojulikana kilikozama.

Amri ya dharura ikatolewa: hewa yote iliyobanwa isukumwe matangini. Nyambizi ilisita kwanza, kama isiyoamini, ndipo ikaanza kupanda. Ilipofika juu, kazi mpya ilianza, kwa kuwa hewa iliyosukumwa kwenye matangi yaliyochanika ilikuwa ikivuja. Mabaharia walilazimika kuendesha mashine za kupuliza hewa mfululizo, njia nzima ya kurudi, ili omo isizame tena. Tarehe 10 Januari wakaingia bandari ya Apra, Guam, pua ya chombo ikiwa imeinamia maji. Picha zilizopigwa baadaye gatini, omo ikiwa imekunjamana kama kopo lililokanyagwa, ndizo zilizofanya kisa hiki kijulikane.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha mlima usiojulikana. Sikubaliani na usimulizi huo. Mlima ule ulikuwa unajulikana, tena kwa njia zaidi ya moja. Habari zake hazikuwa zimekutana mahali pamoja, mbele ya mtu anayeshika usukani, kabla ya saa ya ajali. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa, na dawa zake ni tofauti.

Mlima ulifikaje pale

Sakafu ya Pasifiki si uwanda. Kwa kipimo cha kawaida cha wanajiolojia, mlima wa chini ya bahari ni ule unaoinuka mita 1,000 au zaidi kutoka sakafu inayouzunguka bila kutokeza juu ya maji. Karibu yote ni volkano. Mingine huzaliwa kwenye migongo ya bahari, pale mabamba ya dunia yanapoachana na uji wa mawe kupanda kuziba pengo. Mingine huzaliwa katikati ya bamba, juu ya mahali penye joto kali lisilohama: bamba linapita polepole juu yake, nalo joto linalitoboa tundu baada ya tundu. Mlolongo wa Hawaii na Emperor, wenye urefu wa takriban kilomita 6,000, umepatikana hivyo. Katika eneo la Karolini, jirani na palipotokea ajali, alama ni hizohizo kwenye visiwa vya volkano: Chuuk ni ya zamani, Pohnpei inafuata, na Kosrae iliyoko mashariki zaidi ndiyo changa.

Volkano ikishazimika huanza kuzama. Sakafu iliyoibeba hupoa, hunywea na kushuka, na uzito wa mlima wenyewe hulikunja bamba. Kwenye maji ya joto, matumbawe yaliyoota pembeni mwake hujenga kwenda juu kwa kasi inayolingana na mlima unavyoshuka, kwa sababu yanahitaji mwanga wa jua. Charles Darwin alilieleza wazo hilo mwaka 1842, na mwaka 1952 keekee iliyotobolea kisiwa cha Enewetak, katika Visiwa vya Marshall, ilipita kwenye chokaa ya matumbawe zaidi ya mita 1,200 kabla ya kulifikia jiwe la volkano.

Tazama jambo hilo kwa jicho la nahodha, si la mwanajiolojia. Ni mnara. Chini kuna koni ya volkano, juu kuna kofia ya chokaa yenye kingo zilizosimama wima kuliko volkano yenyewe. Na iwapo matumbawe yatashindwa mbio, mnara unazama ukiwa mzima na kichwa chake kinabaki makumi ya mita chini ya uso wa bahari. Kisiwa kinaonekana kwa macho na kwa rada. Mwamba wa kina kifupi unajitangaza kwa mawimbi yanayovunjika juu yake. Mlima ambao kilele chake kiko mita 30 chini hauna mnazi wala povu.

Kuna jambo ambalo waandishi wengi wa kisa hiki hulipita. Meli ya mizigo inayozama majini mita 12 inaweza kupita juu kabisa ya kilele cha namna hiyo na nahodha wake asishtuke hata kidogo. Meli mia zinaweza kupita. Kila moja inapopita salama, sifa ya njia inazidi kuimarika, na mlima uko palepale. Anayedhurika ni yule tu anayesafiri ndani ya maji.

Kwa nini hawakuuona

Msomaji wa kawaida huuliza: nyambizi si ina sona? Inayo. Lakini nyambizi ya kivita inaishi kwa kunyamaza. Sona yake kuu ni sikio, si mdomo: inasikiliza mapangaboi ya meli nyingine, mitambo, hata nyangumi. Mlima haupigi kelele. Kupiga mlio mbele na kusubiri mwangwi kungeufichua mlima, ila pia kungemfichua mpigaji kwa kila mwenye sikio katika bahari ile, hivyo halifanywi ovyo.

Kinachobaki ni kipima kina, ambacho hutuma mlio chini na kupima muda wa mwangwi kurudi. Sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde. Kutoka kina cha mita 160 hadi sakafu iliyoko mita 1,800 na kurudi ni sekunde mbili na kidogo. Ni chombo kizuri, lakini hutazama chini, hakitazami mbele.

Tufanye hesabu. Tuseme ubavu wa mlima una mwinamo wa nyuzi 20, jambo la kawaida kwa milima ya aina hii. Kutoka kina cha mita 1,800 hadi mita 160 ni kupanda mita 1,640. Kwa mwinamo huo, umbali wa mlalo ni kama kilomita nne na nusu. Kwa noti 30, nyambizi inakwenda mita 15 na ushei kila sekunde. Kilomita nne na nusu zinaisha ndani ya dakika tano. Na hapo nimechukulia mwinamo uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye kingo za matumbawe, muda unazidi kupungua.

Dakika tano zinatosha ikiwa mtu anasoma kina mara kwa mara, ana kizingiti alichojiwekea ("kikishuka chini ya kiasi fulani, punguza mwendo bila kuuliza"), na anaamini anachosoma kuliko kilichochapishwa. Zisipokuwapo hizo tatu, dakika tano ni kama hazipo.

Uchunguzi wa jeshi la wanamaji uligusa hapohapo. Ulibaini kwamba vipimo vya kina vilivyochukuliwa ndani ya nyambizi havikulingana na ramani, na tofauti hiyo haikumfanya mtu yeyote apunguze mwendo. Mtu akiambiwa na ramani kwamba pana mita 1,800, kisha kipimo kikasema pungufu, ana njia mbili za kufikiri. Ya kwanza: chombo kimekosea, au ni kundi la samaki, au ramani si sahihi sana huku. Ya pili: mimi sipo nilipodhani nipo, au ardhi si ile niliyodhani. Ya kwanza hairudishi nyuma ratiba. Ya pili inalazimisha kufanya jambo. Nadhani kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya zamu, iwe baharini, hospitalini au kwenye mtambo, anaijua nguvu ya ile ya kwanza.

Nani alijua nini

Ramani iliyokuwa ikitumika ilitolewa mwaka 1989. Pale palipotokea ajali haikuonyesha hatari. Lakini ndani ya nyambizi hiyohiyo, kabatini, mlikuwa na ramani nyingine na nyaraka za usafiri zilizoonyesha kitu cha kuhofiwa katika eneo lile. Taratibu za jeshi, na za chombo chenyewe, zilitaka maofisa wazipitie zote na kuhamishia alama za hatari kwenye ramani wanayoitumia. Haikufanyika ipasavyo. Hilo ndilo kosa kuu lililotajwa na uchunguzi, na kwa maoni yangu lilitajwa kwa haki.

Mojawapo ya alama zilizokuwapo kwenye ramani za eneo lile ilikuwa ya maji yaliyobadilika rangi, maili chache tu kutoka palipotokea ajali. Kwa asiyejua, hilo ni neno dogo. Wanaochora ramani za bahari huliandika pale meli ilipopita na mtu akaona maji yamepauka au yamekuwa ya kijani katikati ya bahari ya buluu, na hakuna aliyerudi kupima. Huenda ni mimea midogo iliyochanua, huenda ni volkano inayopumua, huenda ni mwamba ulio karibu na mwanga. Alama hiyo ni barua kutoka kwa baharia usiyemjua: nimeona kitu, sikupata nafasi ya kukichunguza, wewe jihadhari. Na kwa kuwa mlimani pale panapong'aa ni kilele tu, umbali wa maili chache kati ya alama na ajali hauitenganishi alama na mlima. Mlima wa kilomita mbili una nyayo pana. Nyambizi haikugonga kilele, iligonga ubavu.

Ushahidi mwingine haukuwamo chomboni kabisa. Picha za setilaiti zilizopigwa miaka kadhaa kabla ya ajali zilionyesha doa la maji ya kina kifupi hapo, mlima unaopanda hadi mita 30 hivi kutoka juu. Maji safi ya tropiki hupitisha mwanga kiasi hicho, kwa hiyo doa lilionekana. Picha zilikuwapo kwenye hifadhi, na ramani ya 1989 ilikuwapo kwenye meza, na kati yake hapakuwa na mtu aliyelipwa kuzikutanisha. Baada ya ajali ilielezwa kwamba kuipitia upya bahari yote kwa namna hiyo kulihitaji watu na fedha zisizokuwapo. Nalielewa hilo. Lakini kati ya Guam na Australia ni njia inayopitwa na nyambizi za nchi hiyohiyo. Hapo si bahari yote.

Kwa hiyo palikuwa na mashahidi watatu: alama ya zamani, picha ya angani, na mwangwi wa asubuhi ileile. Kila mmoja alisema kweli, na hakuna aliyesikilizwa pamoja na mwenzake.

Weupe

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo kiini kilipo.

Ramani ya bahari kuu haifanani na ramani ya nchi kavu. Namba ya kina iliyochapishwa ni ushahidi wa nukta moja: meli fulani, siku fulani, ilitia bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina, au ilipiga mwangwi mahali hapo. Kati ya namba na namba pana weupe. Mistari ya kina inayopita kwenye weupe huo imechorwa na mtu aliyekisia, kwa uangalifu, lakini amekisia. Meli ya Uingereza HMS Challenger ilizunguka dunia kati ya 1872 na 1876 na kurudi na vipimo 492 vya bahari kuu. Kwa wakati wake ilikuwa hazina. Ukizigawa namba hizo kwa bahari zote, kila moja inabeba eneo kubwa kuliko nchi nyingi. Hata baada ya mwangwi kuchukua nafasi ya kamba, meli ziliendelea kupima pale zilipopita, na meli hupita njia zilezile. Pembeni mwa njia, weupe ulibaki.

Jicho la mwanadamu halisomi weupe kama ujinga. Linausoma kama utupu. Pasipo na alama, tunaona pasipo na kitu. Kati ya "hakuna kitu hapa" na "hakuna aliyepima hapa" pana tofauti ya maisha na kifo, na ramani ya karatasi huyachapisha yote mawili kwa rangi moja. Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Ramani ni nyota ya mwenzio kwa maana halisi. Imetengenezwa na meli ambazo tumbo lake huingia majini mita 12, zilizokuwa na mwendo wa noti 15, zilizotaka kujua kama zitapita juu, si kama mwingine atapita ndani.

Kisa cha karibu kinachofanana ni cha Bahari ya Hindi. Mwaka 1973 meli ya biashara MV Muirfield, karibu na Visiwa vya Cocos, iligonga kitu mahali ambapo ramani ilionyesha kina cha zaidi ya mita 5,000. Nahodha anayedai amegonga mwamba kwenye kilindi cha namna hiyo lazima aonekane kama mtu aliyelala zamu. Miaka 10 baadaye, 1983, meli ya upimaji ya Australia, HMAS Moresby, ilikwenda kupima na kukuta mlima mzima unaopanda mpaka mita 18 kutoka juu. Meli yenye shehena nzito, ikipandishwa na kushushwa na mawimbi, inaweza kuufikia. Mlima ukapewa jina la meli iliyoumia: Muirfield.

Muirfield na San Francisco zinatofautiana kwa jambo moja. Muirfield haikuwa na pa kuulizia. San Francisco ilikuwa napo.

Adhabu na omo ya kuazima

Kamanda wa nyambizi aliondolewa kwenye madaraka mwezi uliofuata na kupewa barua ya karipio. Mabaharia wengine sita waliadhibiwa, baadhi kwa kushushwa vyeo. Wengine, kwa namna walivyookoa chombo na kuhudumia majeruhi katika zile siku mbili, walitunukiwa nishani. Uchunguzi ulihitimisha kwamba taratibu zingefuatwa, yaelekea ajali ingeepukwa. Na hata isingeepukwa yote, isingekuwa kali kiasi kile.

Hitimisho hilo ni sahihi, ila limeegemea upande mmoja. Nyambizi haijiamulii njia yenyewe. Ofisi ya nchi kavu huipa eneo la maji linalosogea kwa ratiba, na kazi ya chombo ni kubaki ndani yake. Maana yake kuna watu kadhaa, kwenye chumba chenye taa na viti vya kuzunguka, waliopitisha mstari juu ya mlima kabla kamanda hajauona mstari huo. Mabaharia wengi wa nyambizi, waliostaafu na waliomo kazini, walilisema hili kwa uchungu. Siwafuati hadi mwisho wa hoja yao, kwa sababu kamanda ndiye anayeweza kupunguza mwendo pale namba zinapoanza kupingana, na ofisi haiwezi. Lakini ukimwadhibu anayeshika usukani peke yake, unaacha kila kitu kilichoupeleka usukani pale kikiwa kizima.

Kuhusu chombo, jeshi lilifanya jambo la ajabu kidogo. Nyambizi ya aina ileile, USS Honolulu, ilikuwa ikikaribia kustaafu kwa sababu fueli ya kinu chake ilikuwa ikiisha, ilhali San Francisco ilikuwa imewekewa fueli mpya miaka michache tu kabla ya ajali. Huko Bremerton, kwenye kiwanda cha Puget Sound, mafundi wakaikata omo ya Honolulu na kuiunga kwenye kiwiliwili cha San Francisco. Makadirio ya kazi hiyo yalikuwa dola milioni 79. Mwaka 2009 ikarudi kazini, bandari yake mpya ikiwa San Diego, nusu moja na nusu nyingine.

Bahari inavyojisaliti

Ipo njia ya kupata habari za milima bila meli kupita juu yake, na ilikuwapo hata kabla ya 2005. Mlima ni rundo la mawe mazito kuliko maji, kwa hiyo unavuta maji kuuelekea. Juu ya mlima wa mita 2,000, uso wa bahari hutuna kama mita mbili. Huwezi kuuona mtuno huo ukiwa melini, kwa kuwa umetandazwa kwenye makumi ya kilomita, na hata chombo chako kinapanda nao. Setilaiti yenye rada inauona. Mwaka 1997 Walter Smith na David Sandwell walichapisha ramani ya sakafu ya bahari zote iliyotokana na mituno hiyo, na milima maelfu ikajitokeza kwa mara ya kwanza.

Njia hii ina upofu wake. Inauona mlima mkubwa, si mdogo. Inakuambia upo, lakini kilele kiko mita 30 au mita 300 haijui. Kwa mwanajiolojia tofauti hiyo ni ndogo. Kwa nyambizi ni yote. Mwaka 2023 timu ambayo Sandwell alikuwamo ilitangaza milima 19,325 mipya iliyopatikana kwa takwimu bora zaidi za setilaiti, na kuifanya hesabu ya iliyoorodheshwa ipite 43,000. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, inaona kwa undani zaidi.

Mwangwi wa meli ndio bado shahidi wa mwisho. Mradi wa Seabed 2030 ulioanzishwa mwaka 2017 ulikuta asilimia 6 tu ya sakafu ya bahari ikiwa imepimwa kwa kiwango cha kisasa. Kufikia Juni 2024 ilikuwa asilimia 26.1. Ni mwendo mzuri. Bado karibu robo tatu ya sakafu ni weupe, ingawa siku hizi kompyuta huupaka weupe huo rangi ya buluu nzuri iliyokolea, na mtu huona mabonde na vilima vilivyokisiwa kwa hesabu kana kwamba vimepimwa. Ramani ya karatasi ilikuwa na heshima ya kuacha patupu. Ya skrini haiachi. Kama ningekuwa na neno kwa wanaozitengeneza, lingekuwa hilo tu: paacheni paonekane hapajapimwa.

Oktoba 2021

Tarehe 2 Oktoba 2021 nyambizi nyingine ya Marekani, USS Connecticut, iligonga mlima chini ya Bahari ya China Kusini. Watu 11 waliumia, hakuna aliyekufa. Kuba la sona liliharibika. Mwezi mmoja baadaye kamanda, msaidizi wake na mkuu wa mabaharia waliondolewa. Ripoti iliyotolewa mwaka uliofuata ilisema ajali ingezuilika, na kwamba waliopanga njia walishindwa kubaini na kuweka alama kwenye ramani yao hatari zisizopungua 10 zilizokuwa karibu na palipotokea ajali.

Ilirudi ikielea juu, taratibu, hadi bandari iliyokuwa tayari kuipokea: Guam, ileile iliyoipokea San Francisco miaka 16 kabla. Kutoka hapo ikapelekwa Bremerton.